Kupanga ni Kuuliza

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma, akishaipita Gairo, hufika mahali paitwapo Mbande. Hapo njia ya kwenda Kongwa na Mpwapwa huchepuka kuelekea kusini. Ni nchi ya Wagogo: mibuyu iliyosimama peke yake kama wazee waliosahauliwa barazani, vichaka vya miiba, ng'ombe, na udongo mwekundu unaopeperuka kila gari lipitapo. Katika miaka yangu ya utumishi niliipita njia hiyo mara nyingi, na kila mara nilijiuliza swali lile lile. Ilikuwaje watu wenye elimu, fedha na uzoefu wa vita kuu wakaamini kwamba hapa pangelimwa karanga za kuiondolea Uingereza njaa ya mafuta?

Nilijiuliza kwa kiburi kidogo. Nilikuwa ofisa mipango wa wilaya, kijana mwenye cheti, rula ndefu na karatasi za miraba. Sikujua bado kwamba swali lile lilikuwa linanihusu na mimi. Nitaeleza kwanza habari ya Kongwa, kisha nitaeleza ya kwangu, maana ya Kongwa imeandikwa vitabuni na ya kwangu haikuandikwa popote.

Vita ya pili ya dunia ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imeshinda lakini jikoni kwake hakukuwa na ushindi. Siagi, mafuta ya kupikia na hata sabuni vilipatikana kwa mgao. Mwezi Machi 1946, Frank Samuel, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya United Africa Company, aliyekuwa Tanganyika kwa shughuli za kampuni yake, alipata wazo la kulima karanga kwa mashine katika mapori makubwa aliyoyaona hayana watu. Wazo likapelekwa London na kupokelewa kwa furaha. Ikatumwa tume ya watu watatu chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Tume ilikaa Afrika wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya safari zake ilikuwa kwa ndege. Mwezi Septemba 1946 ripoti ilikuwa mezani.

Ripoti hiyo ilikuwa na tarakimu za kumfanya mtu aondoe kofia. Yangefunguliwa mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kufika karibu paundi milioni 25 kwa miaka sita. Katika mwaka wa kwanza, yaani 1947, zingesafishwa na kupandwa ekari 150,000. Hakukuwa na shamba la majaribio. Walioipitisha ripoti waliona kwamba haja ya mafuta ni ya leo, na kwamba kungoja majaribio ni kupoteza misimu. Mwezi Novemba 1946 John Strachey, Waziri wa Chakula, akalitangazia Bunge la Uingereza kwamba kazi itaanza.

Mwanzoni mwa mwaka 1947 watangulizi wakafika Kongwa. Hapa msomaji wangu atazame vizuri mpangilio wa mambo, kwa sababu humo ndimo kisa kizima kilimojificha. Mashamba mengi zaidi yalipangwa kuwa katika Jimbo la Kusini, lakini huko hakukuwa na reli wala bandari ya maji marefu. Kongwa ilichaguliwa kuanza kwa kuwa ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Basi mahali pa kuanzia hapakuchaguliwa kwa kuulizwa udongo wala mvua. Palichaguliwa kwa sababu gari moshi lilipita jirani.

Na gari moshi lenyewe lilikuwa la njia moja. Bandari ya Dar es Salaam, iliyozoea mizigo ya katani na pamba, ikapokea ghafula matrekta, mabuldoza, malori, mapipa ya mafuta na mahema. Mzigo ukarundikana. Mto Kinyasungwe ukafurika na kuzoa reli. Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari wakagoma kudai mishahara, na mgomo ukasambaa kuifuata reli. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi baada ya vita, hivyo yakanunuliwa yaliyotumika, mengine masalio ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman navyo vikageuzwa kuwa matrekta. Mashine hizo zilipofika zilikuta karakana hazijakamilika, vipuri havijafika, na mafundi wa kuzihudumia ni wachache. Kabla mwaka haujaisha nyingi zilikuwa zimelala juani.

Zile zilizofanya kazi zilikutana na nchi yenyewe. Vichaka vya Ugogo huangushwa kirahisi, lakini mizizi yake hubaki ardhini kama nyavu, ikakamata meno ya majembe. Udongo wa Kongwa una chembe ngumu za mawe zinazosaga chuma. Mvua ikinyesha huwa laini, ikikatika hukauka kama matofali ya kuchoma. Na karanga, kama ajuavyo kila mama mwenye shamba, huchanua juu ya ardhi, kisha huchomeka kijiti chake udongoni na kuzaa huko chini. Udongo ukigeuka tofali, atakayevuna karanga avune kwa sululu. Badala ya ekari 150,000, msimu wa kwanza zilipandwa kiasi cha ekari 7,500. Mwezi Machi 1948 kazi ilitolewa mikononi mwa kampuni na kukabidhiwa shirika la umma lililoundwa kwa ajili hiyo, Overseas Food Corporation, lakini msimu wa 1948/49 mvua nazo zikashindwa. Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule kama ulivyokusudiwa, na paundi milioni 36.5 zikafutwa katika vitabu.

Wagogo walikuwa wanajua. Sisemi hivi kwa kuwapamba wazee. Nchi ile iliwahi kupata njaa kubwa baada ya vita ya kwanza ya dunia, njaa waliyoiita Mtunya, na watu wazima wa mwaka 1946 waliikumbuka kwa matumbo yao. Walilima mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame, na walifuga ng'ombe kwa sababu ng'ombe huweza kuifuata mvua ilikokwenda. Kilimo chao chote kilikuwa ripoti iliyoandikwa ardhini kuhusu mvua za Ugogo. Na kwa asiyeamini ripoti ya namna hiyo, Mpwapwa, hapo jirani, kulikuwa na kituo cha serikali cha mifugo tangu kabla ya vita. Kuuliza kusingechukua misimu mingi.

Nilipokuwa masomoni tulifundishwa zana za kupanga, na mwalimu wetu alipenda kusema kwamba laiti wakubwa wa Kongwa wangekuwa nazo, yasingewapata yale. Basi tuzitazame zana zenyewe, maana zina historia yake na ni vizuri raia wa kawaida azijue. Si uchawi.

Ya kwanza na kongwe ni ile chati ya mistari ya ulalo ambayo siku hizi hubandikwa katika ofisi nyingi. Kazi zinaandikwa kushoto, siku au wiki zinaandikwa juu, na kila kazi inapewa mstari kuanzia siku itakapoanza hadi itakapokwisha. Mhandisi wa Kipolandi, Karol Adamiecki, alibuni chati ya jamii hiyo mwaka 1896. Mmarekani Henry Gantt akaijenga kwa namna yake katika miaka ya 1910, na jina lake ndilo lililobaki. Chati hiyo inaeleza vizuri lini. Haielezi vizuri kwa nini. Ukiitazama unaona mistari miwili imefuatana, lakini huoni kama wa pili unaungoja wa kwanza, au imefuatana tu kama abiria wawili wasiojuana.

Pengo hilo lilizibwa baadaye. Mwaka 1957, huko Marekani, Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walitengeneza njia ya kuchora kazi kama mtandao, kila kazi ikiunganishwa na zile zinazoitangulia, kisha kutafuta mlolongo mrefu kuliko yote. Mwaka uliofuata Jeshi la Majini la Marekani likaja na njia inayofanana nayo, iitwayo PERT, kwa ajili ya makombora ya Polaris yarushwayo na nyambizi.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Unataka kujenga chumba kabla ya masika. Kuchimba msingi siku 4. Kufyatua matofali ya saruji na kuyaacha yakauke siku 14. Kuta siku 10. Paa siku 6. Seremala anataka siku 8 kwa milango na madirisha. Msingi na matofali vyaweza kwenda pamoja, na seremala anaweza kuanza siku ile ile, lakini kuta haziwezi kuanza bila matofali, wala paa bila kuta. Jumlisha 14, 10 na 6, unapata 30. Huo ndio mlolongo unaobana. Matofali yakichelewa siku moja, nyumba imechelewa siku moja. Msingi ukichelewa siku 10, hakuna kilichoharibika, kwa kuwa ungekaa unayangoja matofali. Kwa hiyo mwenye nyumba mwenye busara hapigi kelele kwa kila fundi. Anakwenda kukaa penye matofali.

Wale wa Polaris waliongeza jambo jingine, la unyenyekevu. Walisema kwamba hakuna ajuaye kwa hakika kazi itachukua muda gani, basi msimamizi aulizwe mara tatu: mambo yakienda vizuri kabisa, yakienda kama kawaida, na yakienda vibaya kabisa. Ikiwa bati zaweza kufika kwa siku 2, kwa kawaida siku 4, na njia ikikatika siku 12, unachukua 2, unaongeza 4 mara nne, unaongeza 12, unapata 30, kisha unagawa kwa sita. Unapata siku 5. Angalia kwamba si zile 4 ulizozizoea. Siku ile moja iliyoongezeka ni kodi tunayolipa kwa kukubali kwamba mvua ipo.

Sasa turudi Kongwa tukiwa na zana hizo. Chora mtandao wao. Karanga zinangoja kupanda, kupanda kunangoja kulima, kulima kunangoja kung'oa mizizi, kung'oa kunangoja matrekta, matrekta yanangoja karakana na vipuri, vipuri vinangoja reli, reli inangoja bandari. Mlolongo unaobana haukuwa shambani hata kidogo. Ulianzia gatini Dar es Salaam. Katika mpango ulioandikwa, kazi hizo zote zilikuwa zinakwenda kwa pamoja, kila moja ikidhania kwamba mwenzake ameshakwisha. Na tarehe haikutokana na kujumlisha muda wa kazi. Ilitokana na haja ya London, kisha kazi zikakatwa kama nguo ili zimtoshe mtu aliyekwisha kuchaguliwa.

Lakini hapo ndipo ninapoachana na mwalimu wangu. Sidhani kwamba zana zile zingewaokoa. Mtandao hupokea kila unachouambia. Ukiuambia kwamba ardhi inafaa, utakuchorea njia nzuri kabisa ya kufika kwenye karanga zisizoota. Hata hiyo PERT iliyosifiwa sana, mtaalamu Harvey Sapolsky alipoichunguza historia ya Polaris katika kitabu chake cha mwaka 1972, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya faida yake ilikuwa ni kuwaridhisha watoa fedha na kuwanyamazisha wakaguzi. Chati zilionekana za kisayansi, kwa hiyo wenye kazi wakaachwa wafanye kazi. Chati yaweza kuwa taa, na yaweza pia kuwa kanzu ya sikukuu. Nayasema haya kwa sababu niliwahi kuivaa kanzu hiyo.

Ilikuwa katika miaka ya 1980, katika wilaya ambayo sitaitaja. Tulipata fedha za wafadhili kwa ajili ya maji ya kijiji kimoja ambako akina mama waliamka saa tisa usiku kwenda kuchota maji ya kuchimbua katika mchanga wa korongo. Nilipewa kuandika mpango. Nikauandika kwa raha. Kulikuwa na kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mtambo, tangi la zege juu ya kilima, mtaro wa kilomita sita utakaochimbwa na wanakijiji kwa kujitolea, mabomba, na vituo vya kuchotea. Nikachora chati yangu ya mistari na mtandao wake kwa wino wa rangi mbili. Mkuu wangu aliisifu, na ikabandikwa ukutani.

Mtambo wa kuchimbia visima ulikuwa mmoja kwa wilaya nyingi, nao usingefika kwetu kabla ya mwezi Agosti. Fedha zilipaswa kutumika kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa serikali unapofungwa. Zisipotumika zinarudi, na ofisa anayerudisha fedha huonekana mzembe. Kwa hiyo nikafanya kitu ambacho chati iliniruhusu kukifanya bila kunung'unika: nikaihamisha kazi ya kisima nikaiweka mwisho, na tangi na mtaro nikaviweka mwanzo. Kwa hesabu ya siku sikukosea. Mtaro hauhitaji kisima ili uchimbwe. Ramani ya kijiolojia tuliyokuwa nayo ilionyesha kwamba maji yapo.

Wanakijiji walichimba kilomita sita. Walichimba wakati wa kiangazi, kwa majembe na sururu, kila kaya na kipande chake, na wanawake ndio waliokuwa wengi. Siku moja nilikwenda kukagua. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya kifusi, jembe liko magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, bomba mnazika. Maji mmeyaonja?"

Nikamjibu, "Babu, maji yapo. Yameonekana kwenye ramani."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la kitaalamu. Akasema, "Sikukuuliza kama yapo. Ng'ombe wetu huko chini hunywa ya chumvi."

Nilicheka kwa adabu, nikaandika katika daftari kwamba kazi imefikia asilimia 70, nikapanda gari.

Mtambo ulifika Septemba. Maji yalipatikana, tena mengi. Yalikuwa ya chumvi kiasi kwamba chai iliyopikwa kwayo ilikatika. Mtaalamu wa maji alichukua chupa kwenda kupima, nasi tulingoja majibu kwa adabu, lakini kila mtu pale alikuwa ameshapima kwa ulimi wake. Zikatafutwa fedha za kuchimba mahali pengine, hazikupatikana. Tangi lilibaki juu ya kilima. Mwaka ule vitabu vya fedha vilifungwa vizuri, na katika taarifa ya utekelezaji mradi wangu uliandikwa kwamba umetumia fedha zote zilizotengwa. Hakuna aliyenikemea. Akina mama waliendelea kuamka saa tisa.

Nimeufikiria mradi ule kuliko yote iliyofanikiwa. Kosa langu halikuwa la hesabu, ndiyo maana chati haikulikamata. Mtandao unaonyesha kazi ipi inaitangulia ipi kwa mikono. Msingi kwanza, ukuta baadaye. Lakini kuna kutangulia kwa namna nyingine, ambako hakuchorwi: jibu lipi, likiwa baya, linaiua kazi yote? Swali lenye jibu hilo ndilo linalopaswa kuwa la kwanza, hata kama mikono inaweza kuanza mahali pengine. Kwangu mimi swali hilo lilikuwa ladha ya maji. Kwa Kongwa lilikuwa mvua na udongo. Sisi sote tuliliweka mwisho, wao kwa haraka ya mafuta na mimi kwa haraka ya tarehe 30 Juni. Na sisi sote tulikuwa na mtu wa kumwuliza, amekaa hapo hapo.

Nisije nikaonekana nasema kwamba haraka daima ni mbaya, au kwamba kazi kubwa hazifai kwetu. Ipo kazi kubwa kuliko zote hizo iliyofanyika kwa haraka na ikafika. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilibaki na shaba yake bila njia salama ya kuitoa. Reli ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kukataliwa na Benki ya Dunia mwaka 1964. Tarehe 5 Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano mjini Beijing. Haja ilikuwa kubwa, na siasa ilisukuma kama ilivyosukuma London mwaka 1946. Lakini wapimaji walipewa muda wao. Kuanzia 1968 hadi 1970 walipita njia nzima, sehemu nyingi kwa miguu, wakichunguza mito, miamba na udongo. Uzinduzi wa ujenzi ulifanyika Oktoba 1970.

Walijua kwamba mlolongo unaobana uko wapi. Kati ya Mlimba na Makambako, reli inapotoka katika bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu, kuna kilomita chache kuliko 160, na humo ndimo penye mahandaki mengi na madaraja marefu. Njia yote ina urefu wa kilomita 1,860, ina madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20. Wafanyakazi zaidi ya 60 wa Kichina walikufa katika kazi hiyo, na Watanzania na Wazambia nao walipoteza watu wao. Mwezi Juni 1975 reli ikafika Kapiri Mposhi, kabla ya muda uliopangwa, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa kwa nchi mbili.

Hata hivyo, hata kazi hiyo ina swali lililowekwa mwisho. Kujenga kuliulizwa vizuri. Kuitunza na kuiendesha hakukuulizwa kwa uzito ule ule. Vichwa vya treni vya awali vilionekana dhaifu kwa milima ile, vipuri vikawa haba, mvua zikabomoa kingo, na zile tani milioni 2 kwa mwaka zilizolengwa hazikupata kufikiwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpango uliokuwa na kila kitu hadi siku ya sherehe ulikuwa na machache mno kwa ajili ya siku ya pili yake. Ninawaheshimu waliojenga, na kwa heshima hiyo hiyo nasema kwamba mradi haumaliziki siku utepe unapokatwa. Siku hiyo ndipo unapoanza kuulizwa na wanaoutumia.

Mwalimu Nyerere, alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1969, alitupa neno ambalo sisi watu wa mipango tulilibeba kama hirizi: kupanga ni kuchagua. Ni neno la kweli. Nchi yenye kidogo haiwezi kufanya yote. Lakini uzee umenifundisha kuliwekea neno jingine mbele yake. Kabla ya kuchagua kuna kuuliza, na si kuuliza ramani peke yake. Asiyeuliza hachagui, anabahatisha kwa kalamu nzuri.

Vijana walionifuata ofisini wana kompyuta. Mtandao wa kazi niliouchora kwa siku tatu wao wanaupata kwa dakika chache, na ukibadilisha tarehe moja, nyingine zote zinajipanga zenyewe. Ninafurahi kuziona. Wakiniuliza ushauri, huwaambia mambo mawili tu. Kwanza, kabla ya kuandika tarehe yoyote, waandike sentensi moja: "Mradi huu utakufa ikiwa..." na waimalize kwa uaminifu. Kisha kazi ya kwanza katika chati iwe ni kwenda kulipatia jibu jambo hilo, hata kama fedha za mwaka zitarudi. Pili, sentensi hiyo wasiimalize peke yao ofisini. Waende nayo kijijini, wamtafute mtu aliyekaa juu ya kifusi.

Kongwa leo ni wilaya, ina mifugo mingi na watu wake wanaishi. Ardhi iliyokataa karanga za Waingereza haikukataa ng'ombe, kama ambavyo haikuwahi kuwakataa. Tangi langu nalo liko juu ya kilima chake. Nilipita huko miaka michache baada ya kustaafu. Watoto walikuwa wamekaa kivulini mwake, mbuzi wamelala, na mtaro ule ulikuwa umefukiwa na mvua ukabaki kama kovu refu linaloshuka hadi kijijini. Nilimwulizia yule mzee. Nikaambiwa alikwisha kufariki zamani, na waliobaki hawakumkumbuka kwa maneno aliyoniambia, maana hakuyasema mbele ya watu. Aliniambia mimi tu, kwa sauti ya chini, ili asiniaibishe.